KAMATI YA KUKARABATI NYUMBA YA MAMA, MBOLOLO: KIKAO CHA TATU

Tarehe: Jumamosi, 8 Novemba 2025
Mahali: Sebuleni kwa Mama, Mbololo

WALIOHUDHURIA
Obadiah Mwakio – Mwenyekiti, kifungua mimba
Hillary Mwakio – Mratibu wa kazi
Tryphena Mwakio – Katibu
Mama yetu, Mghoi Mwakio – Mwenye nyumba (mwalikwa)

ALIYETUMA UDHURU
Lynn Mwakio, kitinda mimba – yuko kazini Mombasa

KUMB. 1/3/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala saa nane na nusu mchana. Aliwakumbusha wajumbe kwamba familia isiyo na mpangilio haijengi hata banda la kuku. Mama aliwamiminia wote chai. Yeye mwenyewe hakunywa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

KUMB. 2/3/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU
Mwenyekiti aliomba ifutwe sentensi isemayo kwamba yeye ndiye aliyeagiza choo cha zamani kibomolewe kwanza, ati kinaaibisha familia kwenye picha. Katibu alikataa kwa kuwa Mwenyekiti alisema hivyo, tena kwa sauti. Sentensi imebaki.

KUMB. 3/3/2025: TAARIFA YA MRATIBU
Ndugu Hillary alibandika chati yake ukutani, kila awamu na rangi yake. Alieleza kwa fahari kwamba choo cha zamani kilibomolewa mapema na shimo likafukiwa vizuri. Choo kipya kiko awamu ya mwisho, baada ya vigae, dari na kupaka rangi. Mwenyekiti alimpongeza. Katibu naye alipiga makofi. Inaandikwa hapa kwa sababu ni kweli.

KUMB. 4/3/2025: VIGAE VYA SEBULENI
Mjadala ulikuwa mrefu: vigae viwe vya kijivu au vya rangi ya maziwa? Mwenyekiti alisema Ndugu Hillary anachagua kama mwenye hoteli ya kando ya barabara. Ndugu Hillary alijibu kwamba afadhali yeye kuliko mtu anayeiona nyumba hii Krismasi hadi Krismasi. Katibu aliwasihi waheshimiane mbele ya mzazi. Ndipo ilipoonekana kwamba mzazi amesimama mlangoni, amejitanda leso na kuvaa viatu.

Mwenyekiti alimuuliza anakwenda wapi na kikao hakijaisha. Mama alijibu kwamba anakwenda kwa Rachel. Ieleweke kwamba Rachel ni jirani, na hawajasalimiana na Mama tangu ugomvi wa mbuzi kula mahindi. Ndugu Hillary aliuliza kuna nini huko kwa Rachel. Maneno ya Mama yananukuliwa: "Jamani! Kwani tangu mlipobomoa choo changu mnadhani mimi naenda wapi? Rachel hufunga geti jua likizama. Ndiyo maana kuanzia mchana sinywi chai. Usiku najikaza mpaka kukuche."

Mwenyekiti aliinamia kikombe chake. Ndugu Hillary alianza kubandua chati, ikachanika. Katibu aliuliza mbona Mama hakusema mapema. Mama alisema aliuliza katika kikao cha kwanza, akaambiwa asikatize ajenda, atapewa nafasi kwenye mengineyo, na mengineyo hayakufikiwa. Katibu anathibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa, na kwamba swali lile hakuliandika. Wajumbe wote waliona aibu kubwa.

KUMB. 5/3/2025: MAAZIMIO
(a) Vigae viwekwe kando. Choo kianze Jumatatu, na Ndugu Hillary asirudi kwake Voi mpaka kiwe na mlango.
(b) Mwenyekiti aende kwa Rachel kumshukuru. Mwenyekiti alisema anaona haya. Iliazimiwa aende na haya yake hivyo hivyo.

KUMB. 6/3/2025: MENGINEYO
Mama alipewa nafasi. Alisema hana neno, ila amewaona wajumbe wakimaliza birika zima la chai na sasa hawatulii vitini. "Basi twendeni sote," alisema. "Mkifika msalimieni kwanza. Mimi siku ya kwanza nilipita tu, na mpaka leo naona aibu."

KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu jioni, wajumbe wakafuatana na Mama. Rachel alifungua geti, akatutazama tulivyopanga foleni na mwenyekiti wetu mbele. Akasema, "Karibuni. Mama Obadiah, wewe tangulia."

Sahihi:
O. Mwakio, Mwenyekiti (alitia sahihi bila kuomba lolote lifutwe)
T. Mwakio, Katibu