Mtoto wa Mashinisti

Papa,

Nimerudi jana asubuhi na begi bado liko mlangoni, sijalifungua. Nimekaa kwenye kiti chako hapa barazani Kamalondo. Tangu tukuzike, miezi minane sasa, hakuna aliyethubutu kukikalia. Leo nimejikuta nimekikalia tu, bila kufikiri.

Papa, uliendesha treni ile.

Nimeandika maneno hayo, kalamu ikagoma. Ngoja nikueleze yote tangu mwanzo, ingawa wewe unayajua kuliko mimi.

Unakumbuka safari uliyoniahidi nikiwa bado msichana na wewe mashinisti, mwendesha treni? "Numbi, siku moja tutapanda treni sisi wawili, nitakuonyesha miji yote ya reli." Ulinifikisha Likasi mara tatu. Ulinionyesha daraja la Lufira, ukanisimulia jinsi lilivyolipuliwa wakati wa vita, Katanga ilipotaka kujitenga na wewe ukiwa mtoto wa shule. Tuliingiza vidole kwenye matundu ya risasi ya ukuta mmoja wa zamani, ukacheka kwa sababu changu kilinasa. Lakini kila nilipokuomba tuendelee hadi Bukama, hadi Kamina, jibu lilikuwa moja: "Kupita Tenke hakuna kitu ya kuona."

Basi likizo hii nikaamua kwenda mwenyewe. Wanafunzi wangu wanaijua miji ya Ulaya kuliko Bukama, nikataka kuwaandikia somo la historia juu ya miji yetu na vita vilivyopita humo. Mama Ngalula, mama mkwe wangu, aliposikia akasema, "Nitaenda na weye." Nilishangaa. Yeye na magoti yake yale, siku nzima nzima kwenye benchi la treni! Mume wangu Mukendi alimkataza mama yake, hakusikia. Alifunga bukari ya unga wa mahindi na samaki wakavu wa bitoyo kwenye kitambaa, akanisubiri mlangoni.

Likasi nilishuka kupiga picha za stesheni. Yeye hakushuka. Niliporudi nilimkuta anatazama sakafu ya saruji kule nje.

"Hapa njo tulilala miezi tatu," akasema.

Nilijua habari ya watu wa Kasai kufukuzwa Katanga miaka thelathini hivi iliyopita. Sote tunaijua na sote tunanyamaza. Sikujua kwamba yeye alilala pale, kati ya maelfu ya watu wakingoja treni, Mukendi akiwa na miaka minne, na mtoto wa kike, Mbombo, akiwa bado ananyonya. Mume wake alikuwa ametangulia Mwene-Ditu, kule Kasai, kutafuta pa kukaa. Mukendi huniambia tu kwamba dada yake alikufa kwa homa. Wapi, hajawahi kusema. Nadhani hajui.

Na wewe, Papa, ulituambia kwamba kipindi kile chote ulikuwa mafunzoni Kolwezi.

Tulipopita Tenke, Mama Ngalula akasimama dirishani. Nikamwambia aketi, akatikisa kichwa. "Natafuta tangi ya maji. Ya chuma, ya zamani. Mguu moja imepinda." Alisimama hivyo kwa muda wa karibu saa tatu. Kisha akanishika mkono kwa nguvu hadi nikapiga kelele. Tangi lilikuwa pale, limeota kutu, na treni ilikuwa inapunguza mwendo, kwa sababu pana stesheni ndogo na tulipaswa kungoja treni ya madini ipite.

Tulishuka. Kulikuwa na bibi mmoja anayeuza karanga karibu na reli. Mama Ngalula akamwuliza kama kuna kaburi la zamani upande ule.

"Ya mutoto wa mashinisti?" bibi akauliza. "Iko kule, nyuma ya tangi. Lakini mwaka huu baba yake hakukuja. Anakujaka kila sikukuu ya marehemu, anafagia, anapaka rangi. Mwaka huu hatukumuona."

Nilidhani amechanganya kaburi. Nikawafuata.

Papa, nimeuona msalaba. Umeunganishwa kwa vipande vya chuma, rangi nyeupe imeanza kubanduka. Limechongwa jina moja: MBOMBO. Nikazitazama zile herufi za M. Miguu imetanuka, ule wa mwisho mrefu kuliko mwingine. Ndivyo ulivyoandika kwenye masanduku yetu ya shule, kwenye mlango wa choo, kwenye kila kitu chetu. Nilikaa chini kwenye majani.

Mama Ngalula alikuwa ameweka kiganja juu ya chuma. Hakulia. Akasema, bila kunitazama, "Ule mashinisti njo papa yako, Numbi."

Akanieleza. Mtoto alikufia mikononi mwake ndani ya vagoni, mchana, watu wamebanana hadi hakuna pa kumlaza. Mkuu wa treni alikataa kusimama. Wanawake wakagonga mabati kwa mikono na kwa sufuria, na treni ikasimama. Ukashuka na beleshi. Mkuu akaja mbio akifoka, ukamwambia, "Breki imekwama," ukaanza kuchimba. Ulivua koti lako la kazi ukamfunika mtoto. Ukamwuliza mama yake, "Anaitwa nani?" Akakujibu. Kisha ukapanda tena kwenye mashine yako, ukawapeleka.

"Siku ya ndoa yenu nilimujua pale pale," akasema. "Na yeye alinijua. Mukono wake ilikuwa baridi. Tulisalimiana tu."

"Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema nini? Njo ule alitupeleka? Ao njo ule alizika mutoto yangu? Ningeanza na gani?"

Miaka kumi na moja, Papa! Mmekaa meza moja Krismasi kumi na moja, mkipitishiana mboga ya sombe, na hakuna aliyefungua kinywa. Na sisi tulikuaga kila Novemba uende kumwona rafiki yako mgonjwa Tenke. Rafiki gani anaumwa miaka thelathini? Hatukuuliza. Mama naye ameshatangulia, sina wa kumwuliza kama alijua.

Binti yangu alipozaliwa, Mama Ngalula alitaka aitwe Mbombo. Uliinuka ukatoka nje, bukari yako ikapoa. Niliamini unadharau jina la Kasai. Nilikaa wiki mbili bila kukusemesha. Ulikuja mlangoni kwangu na mfuko wa ndizi, nikaupokea bila kusema karibu. Nisamehe kwa hilo.

Lakini mengine sijui kama nisamehe. Uliendesha mara ngapi? Ungekataa, wangekufanya nini? Ulitufikiria sisi, wali wetu, karo yetu? Ningependa uje unijibu, hata kwa ukali.

Kabla honi haijalia, yule bibi wa karanga alimwuliza Mama Ngalula, "Na weye ni nani?"

"Ni mama yake."

Bibi akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima. Akauliza, "Na bwana yako iko wapi?"

Nilitaka kueleza kwamba mashinisti hakuwa bwana yake. Mama Ngalula akanitangulia. "Alikufa," akasema. "Mwaka huu." Bibi akamshika mabega, wakalia wote wawili, na mimi nikasimama pale nimeshika mfuko wa karanga kama mjinga.

Kamina tulifika. Sikuona chochote cha kuandikia wanafunzi.

Jana Mama Ngalula alimwambia Mukendi yote. Mume wangu aliitoa picha yako ukutani, akaishika muda mrefu, akairudisha. Leo ameenda kazini bila kunywa chai. Sijui atakaporudi atasema nini, nami sitamharakisha.

Lala, Papa. Sina maneno mazuri ya kukuaga, nina haya tu. Somo nitaliandika, na sakafu ya stesheni ya Likasi itakuwemo, na mashinisti atakuwemo, na kuchimba kwake na kuendesha kwake. Na sikukuu ya marehemu ikifika nitapanda treni na Mama Ngalula, na Mukendi akitaka. Kaburi la mtoto halitakaa mwaka mwingine bila kufagiwa. Hilo nakuahidi hata nikiwa bado nimekukasirikia.

Mwanao,
Numbi