Kioo juu ya ufa wa maktaba

Clem, upo? Nakuandikia mbio, usicheke.

Leo kamati yetu ya majengo ya kale ilikutana ghorofani kule maktaba, ile ya matofali mekundu ya enzi za Malkia Victoria. Wenye jengo wanataka kuiongezea ghorofa ya vioo, na juzi walichimba msingi kuupima.

Unakumbuka kile kioo nilichokibandika mwenyewe juu ya ufa wa ukuta? Ukuta ukisogea, kinapasuka. Miaka sita kizima! Nikawaambia hivyo. Msanifu wao Fenwick akacheka, "Jengo hili litatuzika sote, mzee."

Kura ikapigwa. Nami nikanyoosha mkono kuikubali ghorofa, Clem. MIMI.

Mikono iko juu, nikasikia tik! Nikadhani ni kikombe cha Hilda aliyeketi kando yangu. Akanitumbulia macho, "Si mimi, Ambrose."

Nikageukia ukutani: kioo kimepasuka katikati. Kimepasuka, Clem!

Nikapiga kelele watoke. Mwenyekiti eti, "Keti bwana, kura imeshapita."

Nimelala chini ya mapaa mabovu mangapi duniani, sijawahi kukimbia kama leo. Niko barabarani. Wao bado wameketi.

Na kwenye dirisha la chini namwona Bi Pugh, mkutubi, chini ya ukuta uleule, anawasomea watoto hadithi.

Narudi ndani.