Chumba cha Karibu na Stesheni: Kikao cha Dharura cha Vijana Warina Asali, Ugalla

TAREHE: Jumamosi, 12 Julai 2025
MAHALI: Stoo ya asali ya kikundi, Ugalla
WALIOHUDHURIA: Amosi (Mwenyekiti), Cecilia (Mweka Hazina), Recho na Dieudonne (wajumbe), Maiko (Katibu)
HAKUHUDHURIA: Erasmus. Yuko porini anarina. Hakuaga.

KUMB. NA. 1/07/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala, akiwa amechelewa. Alisema jua lilikuwa kali. Wajumbe waliowahi walisema na wao walipita kwenye jua hilohilo.

KUMB. NA. 2/07/2025: CHUMBA CHA MPANDA
Recho alieleza kwamba karibu na stesheni ya reli Mpanda kuna chumba cha biashara cha Mama Nyamizi, kina rafu tayari na mlango unaotazama barabara, na amemwomba mama huyo amsubiri. Tangu alipoanza kurina na marehemu baba yake, ametamani kuiona asali yetu kwenye chupa yenye jina la Ugalla. Sasa inaondoka kwenye ndoo za walanguzi, inauzwa mjini kwa majina ya watu ambao hawajawahi kuumwa na nyuki. "Hicho chumba nakitamani mpaka nakiota," alisema. Dieudonne alicheka. Aliombwa aache.

KUMB. NA. 3/07/2025: MAJIBU YA BENKI
Recho na Cecilia walikwenda benki mjini kuomba mkopo wa kodi na chupa. Afisa mikopo, dada Jeniffer, aliwapokea vizuri, akaangalia akaunti ya kikundi, akawauliza kwa upole: "Jamani, nyie huwa mko wapi mwaka mzima?"

Cecilia alikiri kwamba desturi yetu ni moja tu. Malipo ya asali yakiingia asubuhi, jioni tunayatoa yote, tunagawana, na benki hatuonekani tena mpaka msimu mwingine. Afisa alisema hana ubaya na sisi, ila hana cha kumwonyesha meneja wake. Tuitumie akaunti mwaka huu, tuweke hata kidogo kidogo, tupite kumsalimia na kumweleza kazi yetu, ndipo turudi na ombi.

Dieudonne alisema benki ni ya walimu na manesi, mrina asali anajuana na mzinga wake. Recho alimuuliza: "Kaka Dieudonne, wewe ukirina unakomba masega yote?" Alijibu kwamba hubakiza, la sivyo nyuki wanahama. 

Mwenyekiti alisema mambo ya kikundi si ya kuanikwa benki. Cecilia alisema mficha uchi hazai. Mwenyekiti aliagiza methali hiyo isiandikwe. Katibu aliuliza kwa kanuni ipi.

KUMB. NA. 4/07/2025: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba msimu huu tusigawane yote, kila mjumbe afungue akaunti yake, na dada Jeniffer aalikwe aje aone mizinga. Mwenyekiti alipinga, kisha akaunga mkono, akasema ndivyo alivyokuwa anafikiri tangu mwanzo.

KUMB. NA. 5/07/2025: MENGINEYO
Simu ya Recho iliita. Alikuwa Mama Nyamizi. Alisema amengoja vya kutosha, chumba amempa fundi simu, na fundi huyo ameshaingiza vitu vyake. Recho alisema, "Sawa mama, asante kwa kunisubiri," akakaa.  Katibu naye ilimuuma.

Mwenyekiti aliuliza kama suala la chumba lifutwe, kwa kuwa hakipo tena. Recho alikataa. Alisema Jumatatu anakwenda benki kufungua akaunti yake. Dieudonne alisema atampeleka kwa pikipiki, na yeye afungue ya kwake.

Recho aliomba iandikwe kwamba chumba kile bado anakitaka.

Imeandikwa.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni, bila wimbo.

Amosi, Mwenyekiti: ....................

Maiko, Katibu: ....................