Idi ya Juma

Jumapili, 24 Ramadhani
Daku nimekula ndengu za jana, peke yangu. Kulipokucha nikamlisha Juma uji. Mkono wake wa kulia bado umelala. Tangu kiharusi kimpige mume wangu, hajatamka hata neno moja. Mtu aliyekuwa akiuza mbuzi kwa maneno matamu tu.
Idi inakaribia. Sina hamu nayo.

Jumanne, 26 Ramadhani
Binti yetu Salma ametoka kazini kiwandani na kanzu mpya ya baba yake. Akaipiga pasi, akaitundika mlangoni.
"Baba ataswali Idi uwanjani na wenzake."
Juma akageukia ukutani. Kila mwaka yeye ndiye huongoza takbira hapa mtaani. Sasa mdomo umepinda, anaona aibu. Namwelewa. Pia nimechoka.

Alhamisi, 28 Ramadhani
Siku mbaya. Juma amesukuma bakuli, uji ukamwagika kitandani. Nikamfokea. Kisha nikajifungia chooni nikalia.
Jirani yangu Mama Mueni alinisikia. Yeye ni wa kanisa. Magharibi akaja na mihogo ya kufuturu.
"Mama Salma, hiyo Idi ikifika mimi ndiye napika. Wewe kaa na mzee wako."
Sikubisha.

Ijumaa, 29 Ramadhani
Mwezi umeandama. Redio imetangaza. Salma anacheka ovyo, hata mimi nimecheka. Nimefukiza kanzu kwa udi. Juma anatazama tu.

Jumamosi, Idi
Siamini ninachoandika.
Asubuhi nilikuwa namfunga Juma vifungo. Alikubali kuvaa, labda kuniridhisha. Takbira zikaanza msikitini. Nikasikia sauti nzito karibu na sikio langu. Nilidhani ni redio. Redio ilikuwa imezimwa.
Alikuwa Juma. "Allahu Akbar, Allahu Akbar." Yote, mpaka mwisho, bila kukwama. Machozi yakimtiririka, anaendelea.
Rafiki yake wa sokoni, Abdi, alikuja kumchukua kwa gari. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.
"Juma, wallahi, nilikuwa nimekukosa," akasema. Akaketi sakafuni akaitikia takbira naye.
Tukamtia garini. Uwanjani walimpa kiti mbele. Toka safu za wanawake sikumwona, lakini Salma alinibana mkono mpaka ukauma.
Nyumbani, pilau ya Mama Mueni ilikuwa na pilipili kupita kiasi. Tumeimaliza. Nyumba ilijaa watu. Nina furaha. Basi.

Jumapili, siku ya pili ya Idi
Nimempigia simu muuguzi anayemhudumia Juma. Anasema maneno ya ibada mara nyingi hurudi kwanza, mengine huchelewa, na mengine huenda yasirudi. Ametushauri tusome na kuimba naye.
Salma bado amelala. Tumekunywa chai mlangoni, kwenye jua. Juma akanitazama, akahangaika na mdomo. "Ha," akasema. Akajaribu tena. "Ha."
Naitwa Halima.
Nimemwambia inatosha kwa leo, anywe chai isipoe.