Kahawa ya Baba Mezani kwa Dada Saida

Alhamisi. Joto la leo limetukomesha. Milima imejifunika wingu tangu asubuhi, wingu la maonyesho tu, maana huku chini mjini halijadondosha hata tone. Nimechoka, na si kazi iliyonichosha. Ni wasiwasi.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeanza wiki moja, kwa hiyo dukani kwetu kila mtu amejinyima kitu. Dada Saida, mwenye duka, amefunga. Mimi nimeacha sukari, na tayari najuta.

Kwa anayesoma shajara hii ya mtandaoni kwa mara ya kwanza: nafanya kazi kwenye duka la kahawa hapa Morogoro mjini. Tunakaanga wenyewe na kuuza kwa pakiti. Dar maduka ya namna hii yamekuwa mengi, watu wanabishana kuhusu kahawa kama wanavyobishana kuhusu mpira. Huku kwetu mtu bado anaingia, anakaa, anaagiza chai ya maziwa na chapati mbili. Tukimwambia tuna kahawa tupu, anatutazama kwa huruma.

Dada Saida hajali. Sijawahi kuona mtu anayeiheshimu kahawa kama yeye. Kabla ya kuwasha mashine anazima redio, anazima feni, kisha ananikazia macho mpaka mimi mwenyewe naona aibu kupumua. Kahawa ikianza kuiva hupasuka, ta, ta, ta, kama bisi zinazokaangwa nyumba ya jirani, na yeye anajua kwa kusikiliza tu ni wakati gani wa kuitoa. Nimejaribu kusikia anachosikia. Mimi nasikia bisi.

Mwezi huu anakaanga alasiri, ili kuonja kuje baada ya futari. Wapo waliomwambia kwamba mtu akionja na kutema hajafungua. Jibu lake ni moja siku zote: "Najijua mimi. Nitameza."

Sasa nije kwenye wasiwasi wangu.

Baba yangu analima Mgeta, juu kabisa, kule ambako shamba limesimama wima na jembe linateleza. Ana njegere, ana karoti, na ana mikahawa aliyoachiwa na babu. Njegere na karoti zinafuatwa na malori ya Dar mpaka barabarani. Kahawa haifuatwi na mtu. Mwaka jana alisema anaing'oa mikahawa yote apande njegere. Nilimsihi sana. Nikamwambia achume matunda yaliyo mekundu peke yake, ayaanike kwenye kichanja na si chini, halafu mimi nitaileta kwa Dada Saida aionje. Alinisikiliza, jambo ambalo kwa baba si la kila siku. Akasema sawa, msimu mmoja. Mjini wakiikataa, masika yakianza anaingia na shoka.

Masika hayako mbali.

Dada Saida sikumwambia habari ya shoka. Mara nyingi ilinifika mdomoni nikaimeza, kwa sababu namjua. Angenihurumia, na huruma yake ingeingia kwenye kikombe. Nilitaka aionje kahawa kama kahawa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilijiona mtu mzima kweli.

Juzi nilipanda Mgeta kuichukua. Imekobolewa vizuri, punje safi, rangi ya kijani kama bahari ya kwenye kalenda. Niliingiza pua kwenye gunia nikafurahi. Ilinukia vizuri mno. Njia nzima ya kurudi nililishika gunia lile mapajani kama mtoto mchanga.

Leo alasiri Dada Saida akalifungua. Yeye huwa anaingiza uso wote, mtandio na kila kitu. Kwa kawaida anatoka haraka na kuanza kuongea. Leo alikaa humo, akatoka, akarudi tena.

"Hii ilikaa wapi?" akauliza.

"Nyumbani," nikasema. "Ndani."

Akapima, akazima redio, akazima feni. Mashine ilipopata moto na kahawa kuanza kubadilika rangi, harufu ikajaa duka zima, na hapo ndipo nikaelewa kwa nini kule nyumbani nilifurahi. Ilikuwa harufu ya jiko la mama. Kuni mbichi, sufuria nyeusi, nguo zetu za shule, blanketi, nywele zangu mwenyewe. Mimi nimekua ndani ya moshi ule. Ningewezaje kuuona ni kasoro?

Nikasogea mlangoni nikajifanya napanga pakiti.

Wakati wa kusubiri adhana ulikuwa mrefu. Jirani yetu mshona nguo alileta uji wenye pilipili manga, Dada Saida alikuwa na tende na magimbi ya nazi. Akafungua, akasali, akarudi akala kidogo sana. Mimi nilikula magimbi yake mengi kuliko yeye mfungaji. Kisha tukapanga vikombe mezani: kahawa mbili tunazouza sasa, na ya baba. Akamimina maji ya moto, akasubiri, akavunja utando wa juu kwa kijiko.

Anavyoonja, mgeni anaweza kukimbia. Anafyonza kwa kelele kama mtu aliyeungua, anafumba macho, anatulia. Alionja ya kwanza, ya pili. Alipofika ya baba, alifumba macho nikafumba na yangu.

"Moshi," akasema.

Akaonja tena ilipopoa. Akaonja tena. Mara ya mwisho hakutema.

"Ina moshi mwingi," akasema. "Lakini chini yake kuna kitu. Kama plamu iliyoiva kabisa, ile ya kuanguka yenyewe. Inaniudhi, kwa sababu siifikii. Nikiisogelea tu, moshi huu hapa."

Nikamuuliza kama angeweza kuiweka rafuni hivyo hivyo. Wapo watu wanapenda moshi, nikasema. Nyama choma si ina moshi?

"Siwezi kuandika jina la baba yako kwenye hii," akasema. "Mtu atainunua mara moja, na jina atalikumbuka kwa moshi."

Niseme ukweli, maana shajara haina haya: nilimchukia kidogo. Kile nilichokuwa nakipenda kwake siku zote, kwamba hawezi kudanganya kuhusu kikombe, leo nilitaka akiweke pembeni kwa dakika chache. Nilitaka anipe uongo mdogo nikampe baba. Nikawa natazama vikombe na kuona njegere zimejaa shamba zima la babu.

Nikasema nitampigia baba baadaye. Akasema hapana, mpigie sasa, nataka kuongea naye mwenyewe. Nikaweka spika, simu katikati ya vikombe.

"Shikamoo, baba. Mimi Saida, wa duka la kahawa."

"Marahaba, mwanangu. Za mfungo?"

"Alhamdulillahi. Baba, kahawa yako tumeionja sasa hivi. Ina moshi. Siwezi kuiuza."

Nilimsikia mama kwa nyuma akikatakata kitu ubaoni. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kama niliyeitwa ofisini kwa mwalimu.

"Moshi wa jikoni?" baba akauliza.

"Wa jikoni. Uliihifadhi wapi?"

"Darini, juu ya mafiga. Mvua za vuli zilikuwa haziachi, nikaogopa itaota ukungu. Pale ndipo pakavu kuliko pote. Ndipo ninapoweka mahindi yangu ya mbegu."

Nikamtazama Dada Saida. Mbegu. Kwetu hakuna kitu kinachotunzwa kuliko mahindi ya mbegu, hata sisi watoto tulikuwa tunafukuzwa tukiyasogelea. Mzee alichukua kahawa ambayo hakuwa na imani nayo, akaipa mahali pazuri kuliko pote ndani ya nyumba yake. Na pale pale ndipo ilipoharibikia.

"Ulinipa heshima kubwa, baba," Dada Saida akasema, polepole. "Mahindi moshi unayalinda na wadudu. Kahawa yenyewe inabeba harufu ya kila inachokaa nacho. Ukiiweka na vitunguu, italeta vitunguu mpaka kikombeni."

"Haa," baba akasema. Ile "haa" yake ya kupokea jambo bila kuahidi kitu.

Kisha akauliza swali ambalo mimi, kwa woga wangu, nisingeuliza kamwe.

"Na huo moshi ukiutoa?"

Dada Saida alichukua kijiko, akafyonza tena ile ya baba ambayo sasa ilikuwa baridi kabisa, kwa kelele zake zile zile. Sijui baba huko alidhani ni nini.

"Moshi ukiutoa, baba, ni nzuri kuliko hizi zangu mbili zilizo hapa mezani. Nasema nikiwa nimetoka kufuturu, sikudanganyi."

Kwa nyuma mama aliacha kukatakata.

Mimi nikabana kingo za meza. Nilijua baba anafikiria, kwa sababu anapofikiria anavuta pumzi kwa pua na simu inanasa yote. Dada Saida alinitazama usoni akashangaa, maana yeye alikuwa anaongea habari za kahawa tu. Hakujua kuna shoka.

"Basi mwakani italala chumbani kwetu," baba akasema. "Humo hakuna moto."

Mwakani.

Sauti ya mama ikaja kutoka mbali, kali kidogo: "Chumbani? Magunia yote hayo? Na sisi tulale wapi?"

"Tutabanana," baba akamjibu.