Matope Yaliyochotwa kwa Sepetu ya Dizeli

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Lodwar. 16 Mei 2013, saa nne asubuhi.

Jina: Naomi Jelagat. Umri: miaka 34. Kazi: fundi wa maabara. Makazi: Nawoitorong, Lodwar.

Mnamo tarehe 14 Mei 2013, saa tatu asubuhi, nilifika karibu na Lokichar na msimamizi wangu, Bwana Odongo. Tulitumwa kuchota matope ya chini katika silanga mbili, yaani mabwawa ya kunyweshea mifugo. Ya kwanza iko chini ya kambi ya mkandarasi wa visima vya mafuta. Mbuzi kumi na tisa wa Lotiir, mfugaji wa hapo, walikunywa maji yake wakafa. Ya pili iko mbali na kambi. Kwa kulinganisha, tungejua kama mafuta yametoka kambini.

Chupa za glasi na vijiko vya chuma nilikuwa nimeviosha na kuvichoma kwenye tanuri, kwa maana hata mafuta ya kujipaka yanaharibu kipimo. Silanga ya kwanza nilichota mwenyewe. Kwenye ya pili, saa sita, Bwana Odongo aliniambia nikae garini, jua ni kali. Nikamwona akijaza tangi la gari dizeli kutoka kwa mtungi. Bila kunawa, akachukua sepetu iliyolowa dizeli hiyo, akachota matope, akayatia kwenye chupa zangu kwa mkono.

Nilishuka nikamwambia tumwage, tuchote upya.

Akasema, "Andika yamechotwa kwa vyombo safi. Tumechelewa."

Nikamwambia, "Yakipimwa hivi, watasema kila silanga ya huku ina mafuta tangu zamani. Mbuzi wa watu watakuwa wamekufa bure."

Akajibu, "Kwani ni mbuzi wa mama yako?"

Lotiir, aliyekuwa amesimama karibu, akaniuliza, "Daktari, huyu ameweka nini kwa matope?" Nikamweleza. Akafungua chupa, akanusa, akazimwaga zote. Hakumgusa Bwana Odongo. Hakuwa hata na fimbo. Anayesema Bwana Odongo alipigwa anasema uongo. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo.

Jana ofisini nilikuta fomu inayosema matope yalichotwa kwa vyombo safi, kisha Lotiir akayamwaga. Chini yake pana jina langu na sahihi. Sikuitia mimi. Miaka tisa nimeosha chupa hizo kwa mikono yangu, na mtu ananiandikia uchafu wake. Lotiir yuko seli kwa sababu nilimwambia ukweli. Angeniuliza tena, ningemwambia tena.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, hakuna cha kupunguza.

Sahihi: N. Jelagat

Maelezo nimeyaandika mimi, Konstebo Wasike. Nilimshauri shahidi aondoe neno "uongo", akakataa. Nilimtaka atie sahihi mara tatu kwenye karatasi nyingine. Hazifanani na ile ya fomu. Lotiir ameachiliwa saa saba mchana. Bwana Odongo ameitwa kituoni.