Mbuzi wa Baba Aliyenywesha Siyu Nzima

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Mkomani. Sote tu wazima, na shangazi yako amejifungua pacha, alhamdulillahi.

Umeniuliza kama ulikosea kumwandikia mama yako kwamba kwenye mtihani umewapita hata walimu, na kumbe umefeli.

Miaka ya sitini tulikaa kijijini Siyu. Mwaka mmoja mahindi yalikauka na paa letu likaporomoka. Baba akaniambia nimwandikie kaka yangu Athmani, aliyekuwa akisomea ualimu Mombasa.

"Andika mbuzi wetu anakamwa mpaka Siyu nzima inakunywa. Andika muhogo mmoja hubebwa na watu wanne."

Nikaandika, maana baba aliogopa Athmani angeacha masomo akijua shida zetu.

Likizo ilipofika, Athmani akaja na wenzake wawili kutuezekea paa.

"Nani kakwambia?" baba akauliza.

"Wewe, baba. Muhogo ningeuamini, lakini yule mbuzi alikufa mimi nikiwapo."

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Athmani alirudi chuoni, akamaliza.

Mama yako ameisoma barua yako mara mbili, kisha akavuka kwa mashua hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kukata tiketi ya basi. Atakuwa kwako Ijumaa, inshallah. Mimi sikumwambia kitu.

Bibi yako akupendaye,
Khadija